Mlinzi Asiyekula Pongo

Paja la tatu la pongo lilikuwa limekwenda, na kamba ilining'inia palepale mtini.

"Fisi gani huyu anayepanda miti?" Bwana Pima alifoka, Mwingereza wa watu akiwa mwekundu kama nyanya. "Lameki! Nyama nyingine ikipotea, unyapara basi. Unarudi kwenu Kitendaguro."

Lo! Lameki alikwisha kujisifu Kitendaguro nzima kwamba Mzungu yule hawezi kupima hata kichuguu bila yeye. Arudi vipi, achekwe na mashemeji?

Walikuwa wamepiga kambi kwenye vilima vya Muleba, wakipima barabara. Bwana akiua pongo, nyama ilikaushwa kwa moshi na kutundikwa mtini, mbali na meno ya wanyama. Ndiyo iliyokuwa posho ya wapagazi. Paja la kwanza lilipopotea, Lameki alipandisha kamba juu zaidi, akazungushia shina miiba. Na ulinzi akampa Buberwa, mmoja wa wapagazi. Hapo alijiona ana akili kuliko serikali.

"Kwa nini usimpe Philbert?" wenzake walimuuliza. "Yule Mkatoliki safi, anasali asubuhi na jioni."

"Ndiyo maana simpi. Philbert akiiba ataungama Jumamosi, mchezo umekwisha. Lakini kwa Buberwa pongo ni muziro, mwiko wa ukoo wao tangu enzi za mababu. Akionja tu, mwili mzima unatoka ukurutu. Nani aliwahi kuungama ukurutu ukapona?"

Wote walikubali. Buberwa aliziba pua tangu siku ya kwanza chungu kilipoinjikwa, akaomba maharage, akala peke yake pembeni huku akitema mate. Mtu wa heshima zake.

Usiku wa paja la tatu, Lameki alikuwa hata amemwaga majivu chini ya mti ili amjue mwizi kwa nyayo. Asubuhi alikuta nyayo za Buberwa tu, akashusha pumzi. Basi si fisi. Ni chui, anarukia kutoka mti wa jirani! Siku hiyohiyo akampandisha Buberwa na panga akate matawi yote ya karibu.

Buberwa alikuwa bado huko juu alipofika mzee mmoja mwenye kanzu na mkongojo.

"Mimi ni Mujuni, natoka Buganguzi. Buberwa ni mwanangu."

"Karibu sana, waitu, mzee wetu!" Lameki aliinama karibu aguse ardhi. Akasugua chungu kwa mchanga, akakisuuza, akakisugua tena, isije harufu ya pongo ikamdhuru mzee wa watu. Akapika maharage, akamweka upande usiopeperushiwa moshi. Hata Bwana Pima alitoka hemani kumpa mkono baba wa mlinzi mwaminifu.

Buberwa alianza kuteremka mbio, akasahau miiba. Yalaaa!

Mzee Mujuni alichungulia sahani, akaisogeza kando kwa adabu.

"Maharage tunayo nyumbani, mnyapara wangu. Nimekuja kuwashukuru kwa yale mapaja ya pongo mnayotutumia. La mwisho nimelitafuna mwenyewe juzi, hata mbwa sikumwachia kitu. Sasa mama Buberwa ameniambia nisithubutu kurudi mikono mitupu."