Mashine ya Kifaru

Skrubu ya nne ilidondoka ndani ya mashine, ikagonga mara mbili, ikanyamaza.

"Usipumue," alisema Kifaru.

Bosi akaacha kupumua. Mashavu yakamvimba.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Saa nne kamili ilikuwa fainali ya mbio za magari za mtandaoni, Kifaru dhidi ya Radi, na sheria ilikuwa moja tu: asiyekuwepo mstarini saa nne, kashindwa. Radi alishamshinda Kifaru mara mbili, na zote mbili si kwa uhodari. Kompyuta ya zamani ya Kifaru ilikuwa ikifika kwenye kona inaganda kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni. Ndiyo maana Kifaru alikusanya vipande kwa miezi minane, kimoja kimoja, akavificha chini ya kitanda, na leo alikuwa anaviunga kwa mkono wake mwenyewe juu ya meza ya chakula. Diski, yenye mchezo wenyewe, alikuwa ameing'oa kwenye ile ya zamani.

"Mume wangu, una vidole vyembamba. Pitisha hapo chini ya feni."

Bosi akapitisha, akapapasa, akaichomoa skrubu kama mtu aliyemtoa mfalme mwiba mguuni.

"Mimi ndiye mwanaume wa nyumba hii," alisema.

"Nani kabisha? Shika daftari." Humo Kifaru alikuwa ameandika makosa yote ya walioumbuka kabla yake kwa kujiungia mashine.

Akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya cha msibani.

"Mke wangu, umeiua."

"Nyamaza."

"Hata haijazaliwa!"

Kifaru akainama nyuma ya meza, kiuno kikalalamika, akakuta kiswichi cha umeme huko nyuma hakijawashwa. Akakipiga kofi. Safari hii feni sita zikavuma, taa nyekundu, bluu na kijani zikazunguka kama harusi imeingia sebuleni. Ila kioo kilibaki cheusi ti.

Saa tatu na dakika thelathini na tano.

"Soma penye kioo cheusi."

Bosi akasoma, kidole kikitembea chini ya kila neno, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Angalia... kumbukumbu. Huenda... haijakaa sawa."

"Yangu au ya mashine?"

"Hujaandika."

Kifaru akazima, akachomoa vijiti viwili vya kumbukumbu, akavirudisha kwa kidole gumba mpaka vikalia ta! ta! Akawasha. Harusi ikarudi, bwana harusi hakutokea.

"Nina njaa," alisema Bosi.

"Si ulisema asubuhi kwamba tumbo linakukata? Mgonjwa gani anakula mkate mzima?"

"Na mama akijua?"

"Mama yako asijue!" Kifaru akautupia jicho mlango. Mama yake Bosi alikuja kukaa wiki mbili tu, sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Ndiye aliyepanga nani alale saa ngapi, na alishasema waziwazi kwamba siku akimkuta tena Kifaru, mtu mzima na akili zake, anaendesha magari ya uongo mchana kutwa, intaneti ya nyumba hiyo itakatwa kwa mkasi. Kifaru hakuogopa kona yoyote duniani, lakini huyo alimwogopa.

Saa tatu na dakika hamsini na mbili. Kifaru akajibwaga kwenye kiti, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni.

"Basi. Radi kashinda. Kanishinda nimekaa mezani kwangu."

Bosi alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine, kichwa nusu kimezama.

"Mke wangu, hii kadi kubwa, ile uliyoibusu ilipofika, mbona haina waya?"

Kifaru akarudisha miwani, akachungulia. Waya wa kioo alikuwa ameuchomeka kwenye tundu la juu, la ule ubao mkubwa unaobeba vyote. Chini yake kadi ya picha, yenye nguvu kuliko vipande vyote, ilikuwa imekaa imeduwaa kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha mezani.

Akauchomoa. Akauchomeka chini. Picha ikaja, ang'avu kama imeoshwa.

"Bosi, wewe ni mume, wengine wasindikizaji!"

Saa nne kasoro dakika moja gari la Kifaru lilikuwa mstarini, naye kashika usukani wa kuchezea.

"Ah, Kifaru!" ilicheka sauti ya Radi kwenye spika. "Nilidhani umelala."

"Nimelala, ndiyo. Nasubiri unipite ndiyo niamke."

Wakaondoka. Mizunguko mitano, Radi mbele, Kifaru nyuma, Radi mbele, Kifaru ubavuni. Kona ya mwisho, ile ya mbuzi, mashine mpya haikuganda hata kidogo. Kifaru akaingia ndani, akambana Radi ukutani, akavuka kwa urefu wa pua ya gari.

Kelele zilizopigwa zilitikisa vikombe kabatini. Bosi alipanda kochi na viatu.

"Nani mume wa bingwa?"

"Mimi!"

"Sijasikia!"

"Miiiimi!"

Hawakusikia ufunguo. Mama yake Bosi alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, akitazama skrubu zilizojaa kwenye meza ya chakula, kisha taa, kisha wao wawili.

Bosi akashuka kochi. Kifaru akaachia usukani.

"Mama," mwanamke yule alimwambia Kifaru, "hii ni mara ya tatu mwezi huu mjukuu wako haendi shule. Mwalimu wa darasa la pili nikamwambie nini safari hii?"