Kipima Kisipoitika

Umeme uliporudi kiwandani, kompyuta iliamka kabla ya kipima gesi kilichofungwa ndani ya tanki la asidi, lililokaushwa ili lisuguliwe. Bibiane alisoma programu ndogo inayokiamsha kipima hicho, akaona upumbavu wake. Kipima kisipoitika, programu hainung'uniki. Inaandika sifuri ya kijani, kana kwamba hewa ni safi.

Akabadilisha mstari mmoja, akaiwasha upya. Sifuri ikafutika, yakatokea maneno mekundu: kipima hakijibu.

"Ile nyekundu iko inafanya nini pale?" shefu, msimamizi wake, aliuliza nyuma yake.

"Inasema haiyue kama kuko gesi, shefu."

"Rudisha sifuri, Mama Bibiane. Bageni ba patron beko banakuya kuona kiwanda."

"Bantu beko mu tanki. Beko banasugua."

"Tangu asubuhi, na hakuna mwenye alilalamika."

Bibiane hakukasirika. Baba yake naye aliambiwa hewa ni safi, na wakubwa wengine wenye sauti hii hii. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kurudisha sifuri. Ukucha ulikuwa na ufa, na ndani ya ufa vumbi la shaba ambalo hakuna sabuni iliyoweza kuliondoa. Aliutazama kama ukucha wa mtu mwingine.

Akauondoa mkono, akachukua redio, akawaita wasuguaji.

"Ba papa, mutoke mu tanki. Mutoke bote sasa hivi."

Redio ilikoroma, ikanyamaza. Akarudia maneno yale yale, kwa sauti ile ile, huku nyuma yake shefu akianza kukimbia kuelekea tanki.