Swali la Tano

"Andika hatua zote," mzee alisema. "Jibu tupu silitaki."

Mkemia alishika penseli, jasho likimtiririka. Alikuwa amekuja kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Amenyoa, amepiga shati pasi mara mbili, njia nzima amejizoeza kutoa shikamoo bila sauti kukwama. Mtihani hakuutegemea hata kidogo. Lakini hajakaa sawasawa kwenye kochi, baba mkwe mtarajiwa akamwekea mezani karatasi yenye maswali matano ya kemia.

Sababu aliijua. Kijana aliyemtangulia alijitia fundi umeme; mzee akampa pasi mbovu aitengeneze, na pasi ikaunguza kitambaa cha meza pamoja na uchumba wenyewe. Tangu siku hiyo mzee, dereva mstaafu wa malori asiyependa kuzungushwa, aliapa kwamba binti yake haolewi na mtu wa maneno matupu.

"Baba akikukataa, mimi sitamweza," mchumba wake alikuwa amemwonya. "Nakupenda, lakini namjua."

Basi mkemia, ambaye kazi yake ni kupima sabuni kiwandani isije ikachubua watu ngozi, akainama kuhesabu.

La kwanza lilikuwa jepesi. Moli moja ya kostiki soda ina gramu ngapi? Sodiamu ishirini na tatu, oksijeni kumi na sita, haidrojeni moja. Arobaini.

"Enhe," mzee alisema, miwani imemshuka puani. "Na hizo namba umezitoa wapi?"

"Kwenye jedwali la elementi, baba. Kila elementi ina uzito wake."

"Andika na hilo. Tena mwandiko usomeke, hapa si kwa daktari."

Kila jibu lilipokamilika, mzee alilinakili kwenye daftari lake neno kwa neno, kama polisi anayechukua maelezo ya mtuhumiwa. Mkemia alizidi kunywea.

Swali la pili liliuliza asidi ikikutana na besi hutoka nini. Chumvi na maji, alijibu.

"Kwa nini chumvi?"

"Asidi inatoa haidrojeni yake, baba, inaungana na ile haidroksidi ya besi, yanakuwa maji. Wale waliobaki, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wanaoana."

"Wanaoana," mzee alirudia, akimtazama juu ya miwani. Mkemia alitamani kuumeza ulimi wake.

Mama mkwe akaingia na sinia. "Jamani, mwache mtoto wa watu anywe chai!"

"Chai itamngoja. Hii haingoji."

Mama akajiziba mdomo kwa kiganja, akarudi jikoni mabega yakimtikisika. Mkemia alidhani anamlilia.

La tatu na la nne akayapita salama. La tano likamkuta amechoka: una sehemu moja ya kumi ya moli ya asidi ya salfuriki, utahitaji gramu ngapi za kostiki soda kuimaliza makali? Mzee alitazama saa ya ukutani, akagongagonga sakafu kwa kisigino. Mkemia akaandika gramu nne haraka haraka.

Mzee akalinakili jibu, akatia daftari kwenye mkoba, akasimama. "Saa kumi na moja nina mahali pa kufika," alisema, na huyoo, akatoka. Hakusema ndiyo wala hapana. Hata mkono hakumpa.

Mkemia alikuwa karibu kufika kwake alipopigwa na butwaa katikati ya njia. Asidi ya salfuriki ina haidrojeni mbili! Kila moli yake inakula moli mbili za kostiki soda. "Nane!" alipiga kelele, na mama mmoja aliyekuwa akipita akakumbatia mfuko wake kwa hofu. Kosa lenyewe ndilo ambalo kila mwezi huwagombeza wenzake kiwandani kwa kulifanya.

Wiki hiyo chakula hakikupita. Aliona aibu kupiga simu, na kila mche wa sabuni alioupima ulimkumbusha nane. Siku ya sita mchumba wake akampigia yeye.

"Baba anakuita. Ameshika lile daftari, wala hacheki."

Alimkuta mzee amesimama mlangoni.

"La tano," mzee alisema. "Umekosea."

"Najua, baba. Ni gramu nane. Ile asidi ina haidrojeni mbili, mimi nikahesabu moja. Nisamehe kwa kutorudi kukwambia, niliona haya. Lakini kazi yangu naijua, na binti yako nampenda."

Mzee alifungua daftari kwenye ukurasa wa swali la tano. Nyuma yake, kwenye korido, mama na binti walikuwa wamebana pumzi.

"Mbili," mzee alinong'ona. "Kumbe ndiyo maana." Akatoa penseli mfukoni, akaliandika hilo pembeni mwa ukurasa, taratibu. Kisha uso ukamkunjuka wote. "Anayekiri kosa lake bila kuzungukazunguka, huyo mimi namtaka. Ingia ndani, mwanangu. Leo utakunywa chai."

Binti alipiga kigelegele. Mkemia, hajui afanye nini kwa furaha, akalipokea daftari ili apate kitu cha kushika. Tiki nne nyekundu, kosa moja. Chini yake, kwa mwandiko mzuri wa kialimu ambao haukuwa wake wala wa mzee, palikuwa na maneno: *Unaendelea vizuri, babu. Usikate tamaa.*

"Harusi pangeni siku yoyote mnayotaka," mzee alisema, akimvutia kiti, "ila isiwe mwezi wa kumi na moja. Nina mtihani."