Bakora ya Mimbari

Bakora ya mimbari ilikuwa imelika pale kwenye mshiko, palipozoea mkono wa marehemu Maalim Shekue. Kila Ijumaa, Makame muadhini alipoishika ili amkabidhi khatibu, alihisi kama anapeana mkono na mwalimu wake. Enzi zile kisima cha wakfu kilikuwa wazi, na watu walitawadha huku wakitaniana.

Sasa liwali wa mji amekitia kufuli, maji yote yanakwenda kwenye michungwa yake. Waumini wametayamamu kwa vumbi, naye ameketi safu ya mbele, ndevu zake bado zikichuruzika maji.

Khatibu alinyoosha mkono. Makame hakumpa bakora.

"Sheikh, ukipanda leo utasema nini?" aliuliza, na msikiti mzima ukasikia. "Maalim alitufunza kwamba anayeinyamazia dhuluma ni shetani bubu."

"Mpe, Makame," alisema liwali taratibu.

Khatibu alizitazama ndevu zile, akavitazama viganja vya watu vilivyojaa vumbi. Akaipokea bakora kwa mikono miwili, akaipa mimbari mgongo, akashika njia ya kisimani. Bakora iligonga sakafu kwa mwendo ule ule wa Maalim, na nyuma yake mikeka ikaanza kuchakacha.