Picha za Mama Oliva

Veridiana alioga ndoo nzima. Msimu ule Newala ilikuwa ikinawa kwa kopo, watu wakiamka alfajiri kupanga foleni ya maji na kurudi na nusu dumu, lakini mdogo wake, Agatha, alimwogesha mgonjwa kwa ndoo iliyojaa, akampaka mafuta, akamvalisha kitenge kipya. Kisha akamtoa uani na kumkalisha kitini, mto mgongoni, kwa sababu siku hiyo Veridiana, Mama Oliva, alikuwa anapigwa picha na mumewe.

Ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Na mumewe, Optatus, alikuwa mpiga picha. Kwa miaka kumi na tano alizunguka Masasi, Lukuledi na vijiji vyote vya Newala akipiga maharusi, wasichana waliotoka unyagoni, watoto wa komunyo ya kwanza. Alijua sana kumwambia mke wa mtu ainue kidevu kidogo. Nyumbani alikula, akalala, akaondoka. Veridiana alipouliza zamu yake lini, alijibiwa kwamba ni filamu ijayo. Halafu filamu zikaadimika madukani pamoja na sabuni na sukari, na mwaka wa themanini Optatus akaifunga kamera vizuri, akaiweka sandukuni, akageukia mikorosho yake.

Sasa ulikuwa mwaka wa themanini na tisa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya Masasi yalijaa mpaka vitu ambavyo hakuna aliyeviomba. Optatus alikwenda huko kutafuta dawa ya maumivu, baada ya mkewe kurudishwa kutoka hospitali na kuambiwa atunzwe tu nyumbani. Nyuma ya muuzaji akaona filamu. Alisimama pale kaunta mpaka akaulizwa kama anaumwa.

Aliporudi alifungua sanduku. Kamera ile ya Kijerumani, aliyoachiwa na padre mmoja wa Lukuledi, ilikuwa nzima. Aliifuta vumbi, akakipuliza kidirisha, akabonyeza, ikatoa ile sauti yake ndogo. Machozi yalimtoka hapo hapo, wala hakuyaficha.

Kamera za namna ile zina kidirisha cha kuchungulia, juu pembeni, mbali na lenzi. Ndani yake mtu anaonekana mara mbili, sura moja imekolea na nyingine hafifu, na mpiga picha huzungusha pete ya kamera taratibu mpaka sura zote mbili zikae pamoja. Kwenye harusi Optatus alikuwa akilimaliza hilo upesi mno. Kwa Veridiana alichukua muda mrefu. Uso aliokuwa akiutafuta ulikuwa umekonda mpaka hakujua aanzie wapi.

Alipoupata, mkewe alikuwa anatabasamu.

"Unaniona?"

"Nakuona vizuri, Mama Oliva. Usitikisike."

Agatha, aliyesimama kando ya kiti, alitaka kusema jambo. Dada yake akamshika mkono, akamwomba amwekee mto vizuri.

Walipiga mbili, mgonjwa akachoka. Kesho yake akaomba tena, na keshokutwa, na kwa siku kumi na nane hiyo ndiyo ikawa kazi ya nyumba ile: maji, mafuta, kitenge, kiti. Hakutaka zaidi ya mbili kwa siku. Korosho zilidondoka shambani bila mwokotaji. Optatus, mtu wa miaka hamsini na mbili, aligundua kwamba mkewe ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto. Alipouliza amelipata lini, aliambiwa ni kabla hawajaoana.

Filamu iliisha Jumamosi, picha ya thelathini na sita. Veridiana alifariki Jumanne.

Binti yao Oliva alifika kutoka Tunduru, akauliza picha ya kuweka juu ya jeneza. Katika nyumba ya mpiga picha hapakuwa na hata moja. Filamu ilikuwa imepakiwa kwenye basi, inakwenda Mtwara kusafishwa. Optatus aliwaambia waombolezaji kwamba picha zinakuja, thelathini na sita, watachoka wenyewe kuzitazama.

Zilipochelewa alizifuata, kamera begani. Fundi wa studio alimnyooshea mkanda mezani. Ulikuwa mtupu mwanzo hadi mwisho. Optatus alikataa katakata. Kamera ni nzima, alisema, kila kitu alikiona kidirishani. Fundi akaipokea kamera, akaigeuza, akabandua kifuniko cheusi kilichoziba lenzi. Akaomba radhi kwa sauti ndogo, kana kwamba kosa ni lake. Miaka ile ya kazi kamera haikuwahi kuvishwa kifuniko, kwa kuwa haikuwahi kupumzika. Optatus mwenyewe ndiye aliyeivisha siku ya kuifungia sandukuni, na hakukumbuka.

Alirudi Newala na kwenda moja kwa moja kwa Agatha. Alimweleza yote akiwa wima, akakataa kiti. Mkewe alikuwa na ombi moja tu maisha yake yote, alisema, na yeye amemnyima mara thelathini na sita, huku maji ya watu yakimwagika bure. Hakujua atamwambia nini Oliva. Alilia mpaka majirani wakasogea mlangoni.

Agatha aliweka ungo chini.

"Shemeji, dada alikiona kile kifuniko siku ya kwanza. Aliyekaa kitini anakiona. Nilitaka kukwambia, akanikataza."

"Kwa nini?"

"Alisema sura ile ya ugonjwa wajukuu wasiirithi. Halafu akasema, 'Usimwambie, mdogo wangu. Miaka ishirini na nane ya ndoa, leo ndiyo kwanza ananitazama.'"