Geti Liko Tayari, Mpenzi Wangu

"Geti lako liko tayari, mpenzi wangu."

Aliyetumiwa ujumbe huo alikuwa muuza nyama, mwanamume wa miraba minne mwenye ndevu za kufika kifuani. Aliyemtumia alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Muuza nyama alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akavuka barabara hadi saluni kumwonyesha mke wa fundi, aliyekuwa msusi.

"Shemeji, mumeo amenipenda. Nifanyeje?"

Wateja wakaangua kicheko. Msusi naye akacheka, tena kuwashinda wote, lakini chanuo lilimponyoka mkononi.

Alimjua mumewe. Vidole vyake vilizoea nondo, si herufi. Alikuwa akibonyeza herufi moja tu, halafu anagusagusa maneno ambayo simu yenyewe inamletea juu ya kibodi. Na simu haikuletei neno hivihivi, inakuletea ulilolizoea. Yeye mkewe, tangu waoane, aliitwa "mke wangu", au "wewe", au "uko wapi chai?" Mpenzi hajawahi kuwa.

Jioni alimkuta mumewe kwenye kochi, anadonoa herufi mojamoja, jasho linamtoka.

"Yale maneno yako ya juu yamekwenda wapi?"

"Nimeyazima," fundi alijibu bila kuinua macho. "Yana kiherehere."

"Tangu lini?"

"Tangu leo." Akaiweka simu mezani, akaenda kuoga haraka kuliko kawaida yake.

Msusi alisubiri asikie maji yanamwagika. Nywila ilikuwa ileile, tarehe ya harusi yao, na hilo likamuuma zaidi. Akafungua ujumbe. Mageti, madirisha, vipimo, wateja wanaolalamika kucheleweshewa. Basi. Mengine yote yalikuwa yamefutwa, na usafi huo ndio uliomtia wasiwasi.

Akaingia kwenye mipangilio. Akatafuta lugha, akatafuta kibodi, akakuta mapendekezo ya maneno yamezimwa. Akayawasha. Kisha akafungua ukurasa mtupu, akaandika M.

Juu ya kibodi yakajipanga maneno matatu: Mlango. Mpenzi. Mita.

Akagusa la katikati. Likaja jingine. Akagusa na hilo. Simu ilikuwa haina siri, ilimtolea neno baada ya neno, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa, mpaka ukurasa ukasomeka: "Mpenzi wangu usiku kucha nakuwaza hata magoti hayaniumi tena."

Magoti? Mumewe hajawahi kulalamikia magoti! Kumbe hata maumivu yake kuna mwingine anayesimuliwa kwanza.

Akaandika J. "Jumamosi saa kumi usichelewe," simu ikamalizia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Maji bafuni yakakatika, msusi akafuta alichoandika, akairudisha simu mezani na kukimbilia jikoni. Hakukumbuka kuyazima tena yale maneno.

Asubuhi alimpigia mama yake. Mama alikuwa na simu ya tochi, ya kupiga na kupokea tu, kwa sababu macho yake yalishagombana na maandishi madogo. Msusi akammwagia yote, kuanzia muuza nyama mpaka magoti.

"Mama, upo?"

"Nipo." Mama akakohoa. "Mwanangu, kuchokonoa simu ya mume ni kujitafutia presha. Achana nayo."

"Na huyo mpenzi wake je, niachane naye pia?"

"Mumeo ni mtu mwema. Kuliko unavyojua."

"Wewe kila siku unamtetea mkweo!"

"Namtetea anayestahili. Haya, kwaheri, nina shughuli."

Saa tisa na nusu msusi alimwacha mteja kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka, akashika njia ya karakana ya mumewe. Alitembea huku anapanga maneno. Ataanza kwa upole. Hapana, upole wa nini? Ataanza kwa kelele. Huyo mwanamke alishamwona akilini: kijana, mwembamba, kucha ndefu, meno yamepangika. Alishamchukia mpaka viatu vyake.

Mlango wa karakana ulikuwa umerudishiwa tu. Mashine zilikuwa kimya. Nyuma ya mabati aliisikia sauti ya mumewe, sauti ya haya, kama ya mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa asome.

"'Mpenzi wangu, niko njiani, moyo unanienda mbio.' Leo maneno yanakuja yenyewe, sijui nani kayawasha. Haya, niendelee vipi?"

Mwanamke akacheka, kicheko kizito cha mtu aliyeshiba furaha.

Msusi akausukuma mlango kwa bega.

Mumewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi, uso ameuinamisha mpaka kidevu kimegusa kifua. Mbele yake, wanja machoni na manukato yakiizidi harufu ya chuma kilichoungua, alisimama mama yake msusi.

"Mwambie mchumba nimevaa lile gauni la bluu, mkwe wangu," Mama alikuwa akisema, "na mwishoni uniwekee kale kapicha ka ua jekundu. Ua! Juzi umempelekea jogoo."