Kiwele cha Mbuzi

Mbuzi alijifungua uzao wake wa kwanza. Mwanawe alinyonya kutwa, na kiwele kikabaki kimenywea. Ng'ombe, jirani mwenye maneno, akamwambia, "Shoga, maziwa unayo kweli wewe?"

Mbuzi akaona aibu. Siku ya wageni kuja kumtazama mzazi, akamnyima mtoto ziwa tangu alfajiri ili wakikute kiwele kimejaa. Kikajaa kweli. Lakini mtoto alilia hadi sauti ikamkauka, na wageni wakanong'onezana, "Maskini, maziwa hana!"

Mbuzi naye akaangua kilio. Bibi Kondoo, mmoja wa wale wageni, akamsogeza mtoto kwenye chuchu. Akanyonya, akashiba, akalala.

"Ona, kimenywea tena," Mbuzi akalalamika.

"Mjukuu wangu," Bibi Kondoo akamjibu, "ulitaka maziwa yakae kwako, au kwa mtoto?"